Shajara ya mradi: kuutuliza mtetemo wa mota kwa spika kuukuu

12 Januari. Ninachotaka kufanya

Mota isiyo na mizani hutikisa kila kitu ilichofungiwa. Dawa ya kwanza siku zote ni kuisawazisha, na kama yako inasawazishika, isawazishe uende zako. Shajara hii haikuhusu. Mimi nimeiacha kasoro makusudi. Nataka kuweka kitu kinachosukuma kinyume cha mtetemo, na kijifunze chenyewe kisukume kwa nguvu gani na wakati gani, hata kasi ya mota ikibadilika.

Kifaa chenyewe ni kipande bapa cha chuma, upana mm 50, unene mm 5. Upande mmoja umebanwa kwenye jiriwa, na mm 250 zimebaki zikining'inia hewani. Kwenye ncha kuna mota ndogo ya volti 12 yenye kisahani, na kwenye kisahani nimefunga bolti ya gramu 1, mm 15 kutoka katikati. Gramu moja utaidharau. Ikizunguka mara 26 na nusu kwa sekunde inavuta kwa nguvu ya newtoni 0.4 hivi, na chuma kikiwa karibu na masafa yake ya asili (kasi kinayotetema chenyewe kikigongwa), newtoni hizo 0.4 zinaichezesha ncha nusu milimita kila upande. Ukiitazama unaona kingo zake zimekuwa ukungu.

Gharama nitaziandika kwa saa na kwa vitu vilivyokufa. Hizo ndizo zitakazokuwa sawa kwako pia ukinakili.

18 Januari. Jiriwa lilinidanganya

Kwa hesabu, chuma hiki na mzigo wa ncha (gramu 450 pamoja na spika itakayokuja) kinapaswa kutetema kwa 30 Hz, yaani mara 30 kwa sekunde. Nilikigonga kwa kidole, nikarekodi, nikapata 24.5 Hz. Nikakaa saa tatu nzima na fomula nikitafuta kosa. Fomula haikuwa na kosa. Jiriwa lilikuwa limefungwa kwenye meza ya mbao, na fomula inadhani chuma kimechomekwa kwenye kitu kisichopinda kabisa. Meza yangu inapinda. Weka kiganja juu yake mota ikiwaka, utaisikia.

Nimelihamishia jiriwa kwenye kitako cha zege: 27 Hz. Zilizobaki kufikia 30 nimeziacha, sitengenezi saa ya mkononi.

Jambo moja lipime leo hii hii: gonga, kisha hesabu mizunguko mpaka mtetemo upungue nusu. Gawanya 0.11 kwa idadi hiyo, utapata uwiano wa ufifishaji, yaani kipimo cha jinsi mtetemo unavyokufa haraka. Mimi nilihesabu 7, yaani uwiano ni 0.016 hivi. Ni namba ndogo, na ndiyo iliyonitesa baadaye.

1 Februari. Kwanza njia ya kizazi kilichopita

Kabla ya kuandika msimbo wowote nilijaribu kifyonza mtetemo cha aina aliyoiombea hataza mhandisi Mjerumani Hermann Frahm mwaka 1909: uzito mdogo juu ya springi, umerekebishwa uteteme kwa masafa yale yale yanayokusumbua. Nilichukua ukanda mwembamba wa chuma, nikafunga gramu 50 kwenye ncha yake, nikawa nausogeza uzito milimita moja moja.

Ulipofika mahali pake, ncha ya chuma kikubwa ilitulia na ule uzito mdogo ukaanza kucheza kama kichaa. Inapendeza kuangalia. Haitumii umeme, haina programu, na kwa mashine yenye kasi moja isiyobadilika ningeishia hapo bila aibu.

Kisha nikaongeza volti kidogo. Ukifunga kifyonza, resonansi (masafa ambayo mtetemo hukua sana) moja hugeuka mbili, moja chini na nyingine juu. Kwa uwiano wangu wa uzito, asilimia 9 hivi, zilitua karibu na 23 Hz na 31 Hz. Mota ilipopita 31, kila kitu kilitikisika, na nati moja sijaiona hadi leo. Kifyonza hakijui kwamba kasi imebadilika. Nimekifungua.

9 Februari. Spika ya kwanza yafa kwa sababu ya mvutano wa dunia

Kisukumio ni spika ya inchi 3 iliyokatwa karatasi yake, ikabaki koili na kile kitambaa cha mikunjo kinachoishikilia. Sumaku inafungwa kwenye ncha ya chuma. Koili ikisukuma uzito kwenda juu, chuma kinasukumwa chini.

Tatizo la kwanza: koili na kitambaa chake vina resonansi yao, na yangu ilikuwa 38 Hz. Chini ya masafa hayo kisukumio cha namna hii hakitoi nguvu ya maana, na kwenye masafa yenyewe nguvu inageuka upande. Mota yangu inafanya kazi kati ya 24 na 32, yaani chini. Dawa ni kuongeza uzito. Sehemu inayocheza ilikuwa gramu 10. Nikagandisha gramu 60 za shaba nyeupe kwa epoksi, resonansi ikashuka hadi 14 Hz hivi.

Tatizo la pili nililitengeneza mimi. Uzito huo huo unaolala juu ya kitambaa laini huishusha koili. Ni hesabu ya mstari mmoja, mvutano wa dunia gawanya kwa mraba wa masafa katika radiani, na jibu ni mm 1.2. Sikuifanya hesabu hiyo. Shaba sikuiweka katikati sawasawa, koili ikashuka upande, ikaanza kusugua ukuta wa sumaku. Sauti yake ni kama mchanga kwenye sufuria. Ndani ya dakika kumi vanishi ya waya ilichubuka na koili ikapiga shoti.

Kwenye spika ya pili nilikata vipande vitatu vya filamu ya plastiki, nikavichomeka kuizunguka koili viiweke katikati, nikabandika shaba, nikaacha epoksi ikauke usiku kucha, kisha nikavichomoa. Fanya hivyo tangu mwanzo.

Spika moja, saa sita.

16 Februari. Kihisi kinachopunguza chumvi

Akselerometa, kihisi cha mchapuko kinachopima mtetemo, ni ADXL335, ya analogi. Niliichagua kwa sababu sikutaka ucheleweshaji wa vihisi vya kidijitali vinavyotuma data kwa mafungu. Bodi ndogo zinazouzwa na kihisi hiki mara nyingi huja na kapasita za mikrofaradi 0.1 kwenye matokeo, na kapasita hiyo pamoja na ukinzani wa ndani hufanya kichujio cha 50 Hz, kinachofifisha masafa ya juu. Kwa 26.5 Hz kichujio hicho kinakata asilimia 12 ya kipimo na kuchelewesha kwa digrii 28 (mzunguko mzima ni 360). Kwa 53 Hz, mara mbili ya kasi ya mota, kinakata karibu theluthi moja.

Wiki nzima nilikuwa naandika vipimo vya uongo bila kujua. Nimeng'oa kapasita hizo na kulehemu za mikrofaradi 0.01, sasa kichujio ni 500 Hz na ucheleweshaji ni digrii 3. Mikrokontrola inasoma mara 2000 kwa sekunde. Kipimo cha kweli bila udhibiti wowote, kwa 26.5 Hz: 1.5 g, yaani mara moja na nusu ya mchapuko wa mvutano wa dunia.

2 Machi. Moshi

Algoritimu ni ile ya LMS (least mean squares, kupunguza wastani wa mraba wa kosa), ya Widrow na Hoff tangu 1960, na haina maneno mengi. Ishara ninayoituma kwenye spika ni kosaini mara *a* jumlisha saini mara *b*, zote mbili zikifuata mzunguko wa mota. Kila sampuli, programu inatazama akselerometa na kuzisogeza *a* na *b* kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa, yaani mtetemo uliobaki. Namba mbili tu za kujifunza. Nikajiambia, hapa kuna nini cha kuharibika?

Nilibonyeza. Mtetemo haukupungua. Uliongezeka taratibu, kisha haraka, kisha amplifaya ikafika mwisho wake na shaba ikaanza kugonga sumaku. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, na swichi iko upande huu. Sekunde tatu au nne. Harufu ya vanishi inayoungua ilifika kabla sijafika mimi.

Kosa si la algoritimu. Kati ya amri inayotoka kwenye programu na kipimo kinachorudi kuna njia ndefu: amplifaya, koili, shaba, chuma, kihisi. Njia hiyo inazungusha fezi, yaani wimbi linalorudi haliendi sambamba na lililotumwa. Fikiria unamsukuma mtu kwenye bembea ukiwa umefumba macho, na unaambiwa alipo baada ya kuchelewa kidogo. Unadhani unamzuia kumbe unamwongezea. Programu yangu ilidhani amri na kipimo vinakwenda pamoja. Nilipopima baadaye, vilipishana digrii 143. Tofauti ikizidi 90, kila hatua ya kujifunza inakwenda upande usio wake.

Spika mbili sasa. Kabla ya ya tatu nimeweka mambo mawili ambayo yangepaswa kuwepo kabla ya kubonyeza chochote: ukomo wa ukubwa wa amri, asilimia 60 ya uwezo wa amplifaya, na swichi ya kuzima iliyo upande nilioketi.

9 Machi. Kuipima njia

Tiba ya moshi inajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaitwa FxLMS (filtered-x LMS, LMS yenye ishara iliyochujwa). Unapima njia ile kwanza, kisha kosaini na saini unazozitumia kujifunza unazipitisha kwenye nakala ya njia hiyo, ili zichelewe kwa kiasi kile kile.

Nilizima mota, nikatuma kelele nasibu kwenye spika kwa dakika mbili, na programu ikajifunza kichujio cha vigezo 256. Nilianza na 32 na haikutosha. Chuma chenye ufifishaji mdogo huendelea kulia muda mrefu baada ya kuguswa, na kichujio kifupi hukata mlio huo katikati.

Nikawasha mota, nikabonyeza, mkono ukiwa juu ya swichi. Ukungu kwenye kingo za chuma ulikusanyika ukawa mstari. 1.5 g ikawa 0.06 g, kwa muda wa pumzi mbili. Nilizima na kuwasha mara kumi na moja, bila sababu yoyote ya kitaalamu.

23 Machi. Mota inayojidai inakimbia

Kifupi. Kihisi cha Hall (kinachohisi sumaku) kinachosoma mzunguko kilikuwa kinatoa mipigo ya ziada, na programu ikadhani mota imefika 53 Hz. Chanzo ni cheche za brashi za mota. Nimelehemu kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye vichwa vya mota, nimesokota nyaya mbili mbili, na programu sasa inapuuza mpigo wowote unaokuja kabla ya asilimia 70 ya mzunguko uliopita. Mota ya kwanza ilikufa katika zoezi hili kwa sababu nililehemu kwa joto kubwa nikayeyusha kifuniko cha plastiki. Saa nne.

6 Aprili. Kilichojifunza na kilichokariri

Hili ndilo nililotaka kuliandika kwa urefu.

Mashine ilifanya kazi vizuri kwa majuma mawili. Jana, bila mimi kugusa kitu, ilianza kuunguruma, mtetemo ukapanda kupita hata ule wa bila udhibiti, ukomo wa asilimia 60 ukaushika, ukabaki hapo ukivuma. Nikapima tena njia, ikarudi kuwa nzuri. Asubuhi, tena.

Nilishuku msimbo na kuusoma wote. Nilishuku joto. Hatimaye nikakigonga chuma kama siku ya kwanza: 25.5 Hz badala ya 27. Bolti moja ya jiriwa ilikuwa imelegea robo mzunguko, na kazi ya mtetemo ndiyo hiyo, kulegeza bolti.

Sasa irudie ile namba 0.016. Kwa ufifishaji mdogo hivyo, fezi ya chuma inageuka karibu digrii 180 ndani ya Hz chache tu, na sehemu kubwa ya mgeuko huo iko ndani ya Hz moja. Mota inazunguka kwa 26.5. Resonansi ikiwa 27, mota iko chini yake kidogo, na chuma kinachelewa kwa digrii 40 hivi. Resonansi ikishuka hadi 25.5, mota hiyo hiyo sasa iko juu yake, na chuma kinachelewa kwa digrii 158. Tofauti ni 118. Nakala niliyoipima tarehe 9 Machi bado inasema 40.

Nilikuwa nikiuita mfumo huu "unaojirekebisha", na ni nusu ya kweli. Unajirekebisha kwa mtetemo: mota ikibadili kasi, bolti ya kisahani ikiwa nzito zaidi, unafuata. Lakini njia yake mwenyewe haijifunzi, imeikariri. Robo mzunguko wa bolti moja inatosha kugeuza tiba kuwa ugonjwa.

Nimekaza bolti zote na kutia gundi ya kuzuia zisilegee. Hiyo ni nidhamu nzuri, lakini mashine inayosalimika kwa sababu bolti hazilegei sitaki kuiita imekamilika.

19 Aprili. Kelele ya uchunguzi, na kwa nini nimeiacha

Njia iliyopendekezwa na Eriksson na Allie mwaka 1989: endelea kutuma kelele nasibu ndogo kwenye spika wakati wote wa kazi, na kichujio kingine kitumie kelele hiyo kuijua njia upya kila wakati. Inafanya kazi. Nililegeza bolti na mfumo ukazoea.

Bei yake ni mbili. Mtetemo uliobaki ulipanda kutoka 0.06 g hadi 0.12 g, maana sasa ninatikisa chuma mimi mwenyewe ili nijue kinatikisikaje. Pia ni polepole: kelele ikiwa ndogo inameza dakika nzima kabla nakala haijatulia, na bolti haisubiri dakika. Kwa mtetemo wenye masafa mengi ningeivumilia. Mimi nina masafa mamoja.

3 Mei. Namba moja inatosha

Kama masafa ni mamoja, njia yote ile ndefu ni namba tata moja: ukubwa na fezi. Vigezo 256 vya nini?

Sasa programu inafanya kazi kwa mafungu ya mizunguko 13, nusu sekunde hivi. Mwisho wa fungu inajua amri iliyotumwa (U) na kosa lililopimwa (E), zote kama namba tata. Amri ikibadilika, kosa pia linabadilika, na mabadiliko ya E yakigawanywa kwa mabadiliko ya U yanakupa njia, S. Hakuna kelele ya ziada. Kujifunza kwenyewe ndiko kunakochunguza. Kisha amri mpya ni U toa 0.3 mara E gawanya kwa S.

Ile 0.3 nimeichagua baada ya kuanza na 0.8. Kwa hatua ndogo sana unaruhusiwa kosa la fezi hadi digrii 90, ila hatua ikiwa kubwa ruhusa inapungua: kosaini ya kosa la fezi lazima izidi nusu ya hatua. Kwa 0.3 ruhusa ni digrii 81. Kwa 0.8 ni 66 tu, na mfumo ulikuwa unayumba kila nilipogusa meza.

Makosa mawili ya njia hii, yote yamenipata siku ya kwanza. Amri isipobadilika, unagawanya kelele kwa karibu sifuri na S inaruka popote. Kwa hiyo S haisogezwi isipokuwa amri imebadilika kwa angalau asilimia 5 ya ukomo, na hata hapo inachanganywa, sehemu 2 mpya na sehemu 8 za zamani. La pili: kasi ya mota ikibadilika, kosa linabadilika kwa sababu isiyohusiana na amri, na programu inajifunza uongo. Niliweka sharti kwamba kasi isiwe imebadilika zaidi ya asilimia 1 ndani ya fungu. Bado ilikuwa inakosea. Asilimia 1 ya 26.5 ni robo ya Hz, na karibu na resonansi robo ya Hz si kidogo. Nimeshusha hadi asilimia 0.3, imetulia.

10 Mei. Mtihani wa bolti

Mota 26.5 Hz, udhibiti umewashwa, kipimo 0.05 g. Nimeshika spana na kulegeza bolti ya jiriwa robo mzunguko, taratibu, mashine ikiwaka. Mtetemo ukapanda: 0.1, 0.2, 0.4 g. Kwenye skrini fezi ya S imekaa pale pale kwa mafungu mawili, kisha ikaanza kutembea, digrii kumi, thelathini, ikavuka mia. Baada ya mafungu 12 kipimo kilikuwa kimerudi 0.06 g. Nimerudia mara tano. Mara moja kati ya hizo kilipanda hadi 0.9 g kabla ya kugeuka, kwa hiyo ukomo wa amri unabaki mahali pake.

Kutoka 24 hadi 32 Hz, nikipandisha kasi polepole, mtetemo haukuzidi 0.15 g popote. Nikipandisha ghafla unafika 0.7 g kwa sekunde moja au mbili.

Hesabu hadi leo: spika mbili, mota moja, nati moja isiyojulikana iliko, na saa 74. Kati ya hizo, saa za kuandika algoritimu yenyewe ni 9.

Kilichobaki ni 53 Hz. Mtetemo wa 26.5 ulipotulia, huo wa mara mbili ukajitokeza, 0.03 g, ulikuwepo siku zote chini ya kishindo cha mwenzake. Unahitaji S yake na U yake, kwa spika hiyo hiyo ya tatu, ambayo bado ni nzima.